Mgongo wa Serikali

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake halitatajwa hapa, maana wenyeji wake wamekwisha pata tabu za kutosha na hakuna haja ya kuwaongezea nyingine kwa kuwataja. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye bendera nzuri, wimbo wa taifa mrefu, na Hazina tupu. Fedha zilikuwemo, kisha zikawa hazimo. Tume iliundwa kuchunguza jambo hilo, ikala zile chache zilizobaki, ikaandika ripoti kwamba kweli hazimo.

Hapo ndipo Waziri wa Hazina, mtu mwenye huruma sana, aliposimama bungeni akafuta machozi kwa leso.

"Waheshimiwa," alisema, "yupo mwananchi asiye na shilingi. Yupo asiye na shamba, wala kuku. Lakini nimezunguka nchi nzima, na sijamwona mwananchi asiye na mgongo."

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika. Jioni ile ile sheria ikapita: kuanzia hapo kodi italipwa kwa viboko.

Wapo wageni waliouliza Serikali inafaidika nini na viboko. Wataalamu wakawajibu kwa upole kwamba swali kama hilo huulizwa na watu ambao hawakusoma uchumi. Takwimu zilikuwa wazi. Makusanyo yalipanda kila robo mwaka, na wastani wa kipigo kwa kila mwananchi ukawapita majirani wote. Benki za ng'ambo zikatuma barua ya pongezi. Kila mtaa ukajengewa dirisha la malipo, na mbele ya dirisha benchi la kulalia, na nyuma ya dirisha afisa mwenye bakora iliyopakwa mafuta. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa na dirisha lao lenye feni, ambako walitozwa kwa mkia wa taa, ule wa samaki, wenye miba. Lakini mara nyingi walikuwa safarini.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo seremala mmoja, Shomvi, aliyetengeneza vigoda. Hakutengeneza kingine. Kigoda chake kilikuwa na miguu mitatu na hakikuyumba, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kukinunua. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa hasira za karibu. Akikosea kipimo alitupa randa mpaka barabarani, kisha akatoka kuifuata huku akiwaomba radhi wapita njia. Mkewe, Bi Zamda, alikuwa akikaa mlangoni akisuka ukili wa mikeka, na kila randa ilipopita juu ya kichwa chake aliinama kidogo tu, akaendelea kusuka. Hawakujaliwa mtoto. Katika miaka yote ya ndoa yao Shomvi hakuwahi kumnyanyulia mkono, na hilo alijivunia kuliko vigoda.

Kodi haikumsumbua. Sheria ilisema waziwazi: kiti chenye egemeo ni anasa na kinatozwa, kwa sababu raia anayeegemea amekwisha starehe, lakini kigoda kisicho na egemeo ni chombo cha mnyonge na kimesamehewa. Shomvi aliijua ibara hiyo kwa moyo. Aliwaimbia wateja wake.

Ndipo siku moja akaja Afisa Makadirio, Bwana Chikongowe. Alikuwa mwembamba, mstaarabu, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Akapiga hodi, akaamkia, akauliza hali za nyumbani. Bi Zamda akamletea maji. Chikongowe akakaa juu ya kigoda, akanywa, akashukuru, kisha akarudi nyuma taratibu mpaka mabega yakagusa ukuta. Akafumba macho. Akakaa hivyo kitambo, anatabasamu kama mtu anayesikiliza taarabu.

"Bwana Shomvi," alisema bila kufumbua macho, "mimi nimeegemea."

"Umeegemea ukuta, bwana."

"Na nimekalia nini?"

"Kigoda."

"Nimekalia kigoda, na nimeegemea. Basi kigoda chako kina egemeo."

Shomvi akacheka. Kile kicheko kikaandikwa kwenye faili kama dharau kwa Mamlaka ya Kodi. Chikongowe akafumbua macho akauliza, kwa upole ule ule, kama Shomvi anamjua mteja wake yeyote ambaye nyumba yake haina ukuta. Shomvi akawafikiria wateja wake wote, mmoja mmoja. Wote walikuwa na kuta. Hata yule mlevi wa sokoni alikuwa na ukuta mmoja.

Basi ikawa. Vigoda vyote alivyopata kuuza tangu aanze kazi vikahesabiwa kuwa viti vya anasa, na Chikongowe akaandika makadirio palepale kwenye paja lake: viboko mia nne.

Jamani, mia nne. Katika mtaa ule hakuna aliyepata kuvuka mia na hamsini akaamka. Na usidhani kufa kulikuwa ni kupona, maana sheria ilikuwa imekwisha kufikiria hilo: mlipakodi akifariki kabla ya kumaliza, deni lililobaki linahamia kwa mwenza wake, pamoja na rambirambi za Mamlaka. Shomvi alipoelewa hivyo akamtazama Bi Zamda. Alikuwa ameacha kusuka.

"Yaani nitakufa mimi," akasema, "kisha waje kwako wewe."

"Kwa hiyo usife," akasema Bi Zamda. "Katafute wakili."

*

Wakili Pazi alikuwa na ofisi juu ya duka la kandambili, na mgongo uliokuwa na kovu moja tu, ambalo alilipata kwa bahati mbaya akimtetea mteja karibu mno na benchi. Alisoma makadirio, akaguna kwa kupendezwa.

"Hii ni kesi nzuri sana," alisema. "Kata rufaa kwenye Baraza la Kodi. Tutashinda."

"Nifanye nini?"

"Kwanza uweke amana. Sehemu ya kumi ya deni. Arobaini tu."

"Nipigwe arobaini ndipo nilalamike kwamba sistahili kupigwa?"

"Ndugu yangu Shomvi, Baraza haliwezi kumsikiliza mtu mzima mzima hivi hivi. Litajuaje kama una nia? Na ukishinda unarejeshewa. Sheria inasema marejesho hulipwa kwa namna ile ile malipo yalivyopokelewa. Uliyopigwa, unapiga."

"Nampiga nani?"

"Hilo halijapata kuamuliwa," Pazi alikiri, "kwa sababu hakuna aliyepata kufika huko. Wote huangukia kwenye uhamishaji wa mzigo."

Akamweleza. Alikuwepo muuza maziwa aliyetozwa viboko ishirini kimakosa. Akakata rufaa, akashinda kila hoja. Lakini Mamlaka ikaleta ushahidi kwamba siku ile alipotoka dirishani, njiani kuelekea nyumbani, alimchapa punda wake. Baraza likaamua kwamba mlipakodi wa kweli ni punda. Muuza maziwa alikuwa amepitisha tu. Kumrejeshea yeye kungekuwa kumtajirisha pasipo haki. Marejesho yalikuwa ya punda, na punda hakuwa amekata rufaa ndani ya muda. Basi vile viboko ishirini vikawekwa katika Mfuko wa Ustawi wa Wanyonge, ambao hugawiwa maskini kila sikukuu.

"Kwa hiyo nisikilize vizuri," alisema Pazi. "Kuanzia leo mpaka siku ya hukumu, usimpige mtu. Usimpige mbwa. Hata mbu akikuuma, mpe asante. Ukimgusa yeyote, umehamisha mzigo, rufaa imekufa, na mia nne ziko palepale."

*

Arobaini alizilipa Jumatatu asubuhi. Afisa wa dirishani alikuwa kijana mchangamfu aliyemwuliza kama angependa kuanzia juu au chini. Kiboko cha kwanza kilimtoa pumzi. Cha tano kikapasua ngozi, na tangu hapo bakora ikawa inatua kwenye majimaji, na kila ilipopanda ilirusha matone kwenye kioo cha dirisha, chini ya tangazo lililosema TUNAJALI MUDA WAKO. Katikati ya shughuli yule kijana akaitwa kwenye simu. Aliporudi hakukumbuka alikuwa wapi, na kanuni zinasema hesabu iliyopotea ni hasara ya mteja. Akaanza moja tena. Shomvi alikuwa ameuma ubao wa benchi mpaka jino lake la mbele likabaki humo.

"Karibu tena," alisema kijana.

Kumbe kupigwa kulikuwa ndiyo sehemu rahisi. Shomvi alipotoka nje, damu imeshikamana na shati, akaona kwa mara ya kwanza nchi yake inavyoenda. Kila aliyetoka dirishani alitoka akitafuta mtu. Mwashi alimzaba kofi fundi wake msaidizi. Fundi msaidizi akampiga teke muuza karanga. Muuza karanga akaenda nyumbani, na ukuta wa nyumba yake ulikuwa mwembamba, mtaa mzima ukasikia. Mwalimu aliyelipa asubuhi alifundisha mchana hesabu ya kugawanya, na wanafunzi waliijua vizuri, wakaenda kuwagawia wadogo zao. Ikifika magharibi kodi yote iliyokusanywa ilikuwa imekwisha shuka mpaka kwa paka. Mtaa wote ulilala mwepesi isipokuwa Shomvi, ambaye yake alikuwa nayo mwenyewe, yote arobaini, inapiga ndani yake mithili ya jipu.

Alilala kifudifudi. Bi Zamda alimpaka mafuta ya nazi na manjano, akimpuliza.

"Nina hasira, bibi," alisema Shomvi. "Nina hasira mpaka meno yanawasha."

"Shika mkono wako tu. Mgongo tutautibu."

Akaushika. Alifunga mkono wa kulia kwa kitambaa kwenye mshipi, akafanya kazi kwa wa kushoto, vigoda vikawa vinayumba. Mamlaka nayo haikulala. Ilimtuma mtu akamkanyaga kidole sokoni, akageuka akakikanyaga tena. Ilimtuma mwingine akae mbele ya karakana kutwa nzima akisema kwa sauti kwamba vigoda vya mtaa wa pili ni bora. Mmoja alimtemea mate kwenye kahawa yake. Shomvi akainywa. Aliinywa akimtazama machoni, machozi yanamtoka, na yule mtu akaandika kwenye karatasi yake kwamba mlengwa hajahamisha.

Hasira haikumwisha. Ilikaa. Usiku alikuwa akiota anapiga, na akiamka anaharakisha kutazama kama Bi Zamda yuko salama.

*

Baraza la Kodi lilikutana katika jumba lililokuwa zamani ghala la chumvi. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Jaji Lihumbo, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye joho jekundu lililoburuzika sakafuni kiasi kwamba karani mmoja aliajiriwa kulishika. Kulia na kushoto kwake walikaa wajumbe wawili. Mmoja alikuwa amelala. Mwingine alikuwa akimtazama aliyelala kwa wivu.

Chikongowe aliitetea Mamlaka yeye mwenyewe. Alizungumza siku nzima juu ya maana ya kuegemea. Alileta wataalamu. Alileta kigoda na kipande cha ukuta chenye uzito wa ng'ombe, kikaangushwa kwa bahati mbaya juu ya mguu wa mzee wa baraza, mguu ukavunjika, na mguu nao ukapokelewa kuwa kielelezo. Kisha akamleta shahidi aliyeapa kwamba alimwona Shomvi akimpiga mbu shavuni.

Shomvi akajishika shavu. Alikuwa kweli amejipiga kofi, usingizini.

Mheshimiwa Lihumbo akafikiri. "Shavu lilikuwa la nani?" aliuliza.

"La mrufani mwenyewe, Mheshimiwa."

"Na mbu alikufa?"

"Aliruka."

"Basi mzigo uliondoka kwa mrufani ukarudi kwa mrufani," alisema Lihumbo. "Haukuhama. Tuendelee."

Wakili Pazi akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeonja pilau nzuri. Lakini mwisho wa yote Baraza lilisema haliwezi kuamua kama ukuta ni egemeo kabla halijajua ulaini wake. Likairudisha kesi kwa Chikongowe akapime kuta za wateja wote. Na kwa kuwa kesi iliyorudishwa ni kesi mpya, amana iwekwe upya.

Arobaini nyingine. Safari hii dirishani alikuwepo mwanafunzi wa mazoezi. Kiboko kimoja kilikosa mgongo kikatua juu ya mkono wa kushoto, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Shomvi akapiga yowe. Mwanafunzi akaomba msamaha, akaeleza kwamba kilichoangukia mkono hakihesabiki, akakirudia.

Alibebwa hadi nyumbani kwa mkokoteni. Bi Zamda alipomwona hakulia. Alikaa chini, akatazama mikono yake mwenyewe, akasema, "Ningejua ni nani wa kumpiga, ningempiga. Mimi sina rufaa."

"Usiseme hivyo, watakusikia."

"Wasikie."

*

Kuta zilipokwisha kupimwa, siku ya hukumu ghala lilijaa mpaka madirishani. Watu walikuwa wamekuja hata kutoka mitaa ya wavuna chumvi, kila mmoja na mgongo wake, wakiwa wamesimama, maana wengi wao hawakuweza kukaa. Mheshimiwa Lihumbo alisoma hukumu tangu asubuhi. Alianza na historia ya kuta, kuanzia za udongo. Akagusia mapango. Akazungumzia falsafa ya kukaa, na akauliza, bila kutaka jibu, kama binadamu huegemea au huegemewa. Adhuhuri akafika kwenye shina.

"Ukuta ni mali isiyohamishika," alisoma. "Kigoda huhamishika. Baraza halioni jinsi vitu viwili, kimoja kinachokwenda na kimoja kinachobaki, vinavyoweza kuwa kitu kimoja. Rufaa imekubaliwa. Makadirio yamefutwa."

Vigelegele vikapasuka. Watu walilia. Shomvi hakusikia kitu, alimwona tu Bi Zamda katika benchi la mbele akifunika uso kwa khanga, mabega yanatetemeka. Akataka kwenda kwake. Karani akamzuia kwa bakora.

"Marejesho," alisema Mheshimiwa Lihumbo. "Mrufani anarejeshewa viboko themanini."

"Nimesamehe, Mheshimiwa," alisema Shomvi. "Nataka kwenda nyumbani tu."

"Hapana, hapana. Marejesho hayasamehewi. Mlipakodi anayeacha marejesho yake mezani anakiri kwamba kodi ilikuwa halali, na hapo mia nne zinarudi. Ni lazima uchukue, na uchukue leo."

"Nichukue kwa nani?"

Swali likawa hapo. Chikongowe akasimama, akaeleza kwa masikitiko kwamba amesoma Katiba yote. Katiba inataja mkono wa Serikali, ambao ni mrefu. Inataja macho na masikio yake. Mgongo haikuutaja popote. Mheshimiwa Lihumbo akamshukuru, akafumba macho, akayafumbua.

"Serikali yetu ni ya wananchi," alisema. "Kwa hiyo mgongo wa Serikali ni mgongo wa mwananchi. Hawezi kuwa mrufani mwenyewe, maana mtu hajilipi. Awe mwananchi aliye karibu, ambaye jina lake limo kwenye faili." Akafunua faili. "Yumo mmoja. Aliandikwa kama mrithi wa deni."

Wakili Pazi alianza kusema kitu, kisha akakumbuka alipokuwa amesimama, akasogea mbali na benchi.

Bi Zamda alisimama kabla hajaitwa. Akaondoa khanga ya juu, akaikunja vizuri, akaiweka.

"Sifanyi," alisema Shomvi. "Niueni."

"Bwana," alisema Bi Zamda kwa sauti ya chini, kama aliyekuwa akimwomba kuni. "Themanini nitazibeba. Mia nne hatuzibebi, wewe wala mimi. Piga tuondoke."

Akalala juu ya benchi.

Kiboko cha kwanza Shomvi alikigusisha tu. Karani akatikisa kichwa: marejesho hafifu hayapokelewi. Cha pili vilevile. "Piga, bwana," alisema Bi Zamda, "usinicheleweshe." Akapiga. Kikalia. Mstari ukainuka chini ya gauni lake, na karani akasema moja.

Akapiga tena. Mbili. Tatu. Damu ikaonekana. Na hapo, Mungu amsamehe, Shomvi akahisi kitu kikilegea ndani yake. Lile jipu la miezi yote, jino lake kwenye ubao, mfupa wa mkono, yule aliyemtemea kahawani, vyote vikaanza kushuka kupitia bega lake hadi kwenye kiwiko, kiganjani, na kutoka. Alipumua. Kwa mara ya kwanza tangu Chikongowe aegemee, alipumua mpaka chini. Nne, akasema karani. Tano. Mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe. Sita akaipiga kwa nguvu zote, na Bi Zamda, aliyekuwa amenyamaza mpaka hapo, akalia kwa sauti ambayo Shomvi hakuijua.

Sauti hiyo ndiyo iliyomzindua. Akasimama, bakora juu, akatambua kwamba uso wake ulikuwa ukitabasamu.

"Waheshimiwa," alisema Chikongowe taratibu, "mtazameni."

Wote wakamtazama. Hata mjumbe aliyelala aliamka.

"Mrufani amepata nafuu," alisema Chikongowe. "Mamlaka ilisema tangu mwanzo. Aliyokuwa nayo mgongoni amempa mkewe. Mzigo umehama, mbele ya Baraza hili."

Mheshimiwa Lihumbo akakubali kwa huzuni. Sheria ilikuwa wazi, alisema, na hakuna aliye juu yake. Hukumu ya adhuhuri ilifutwa. Mia nne zikarudi, ukitoa zile themanini zilizolipwa. Sita alizopokea mke zilikuwa mali ya Mfuko wa Ustawi. Akainama kuandika.

Bi Zamda akainuka kwenye benchi. Alienda hadi kwa mumewe, akaitoa bakora mkononi mwake kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, wala hakumtazama. Akapanda ngazi mbili za jukwaa. Watu walidhani anakwenda kuomba. Akaishusha bakora kwa mikono miwili juu ya mgongo wa Mheshimiwa, akapiga tena, na joho jekundu likapasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni. Lihumbo akaanguka juu ya meza.

Katika ghala zima hapakuwa na mtu ambaye mgongo wake haukuwa kama shamba lililolimwa. Na pale juu ya meza, chini ya joho, ulilala mgongo mpana, laini, uliong'aa kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ukiacha mistari miwili mibichi ya Bi Zamda, haukuwa na alama hata moja. Watu walisogea ili waone vizuri. Mzee mmoja muuza ugoro, mwenye adabu zake, akavua kofia.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema. "Wewe unalipia wapi?"

"Suala hilo," alisema Mheshimiwa Lihumbo, shavu lake liko kwenye wino, "liko mbele ya Baraza."

Wakapanga foleni. Hakuna aliyewaamuru, ndivyo walivyozoea. Askari wa mlangoni waliegemeza bunduki zao ukutani wakasimama nyuma ya wauza samaki. Chikongowe alipoanza kueleza kwamba marejesho hayatolewi bila maombi ya maandishi, wakamlaza juu ya benchi la pili, na foleni ikagawanyika ili isichelewe. Mzee wa ugoro alimpa Shomvi nafasi ya mbele, kwa kuwa ndiye mwenye kesi.

Shomvi akatazama mkono wake wa kulia. Alikuwa bado akiisikia ile raha ndani ya kiganja, na aliiogopa kuliko alivyowahi kuogopa dirisha la malipo.

"Hapana, mzee," alisema. "Mimi nimekwisha pata yangu."

Akaichukua khanga iliyokunjwa, akatoka nje. Bi Zamda alikuwa amekwisha tangulia, amesimama juani, anashikilia nguzo. Nyuma yao mayowe yalikuwa yameanza, ya kwanza mazito, kisha membamba, na watu waliokuwa nje wakawa wanakimbilia ndani. Shomvi akafunua khanga amfunike mabega. Bi Zamda akajikunyata kabla hajaguswa, kama wanavyojikunyata watu wote wa nchi ile mtu akipita nyuma yao. Hakuwahi kujikunyata mbele yake kabla ya siku hiyo.

"Inauma, bibi?"

"Inauma."

"Sikutaka."

"Mara ya kwanza hukutaka," alisema Bi Zamda. "Ya sita ulitaka."

Shomvi alimnyooshea khanga kwa mbali, Bi Zamda akaipokea, akajifunika mwenyewe taratibu. Kisha akaiachia nguzo, akamwonyesha njia kwa kidevu.

"Tangulia wewe," alisema. "Leo sitaki mtu nyuma yangu."

Akatangulia.